Kidani cha Mama Regina

Mwanangu Minza,

Salamu za kuulizana hali nimeziruka, maana hali yako naijua. Umetoka hapa asubuhi na kitenge changu cha bluu, umekwenda Kolandoto kumuaga shangazi yako, na utarudi na basi la jioni ukiwa umeshiba na umechoka. Nimekaa kwenye meza ya kazi, nimesogeza koleo na tupa pembeni, naandika. Barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako. Usiisome hapa. Isome ukiwa njiani kwenda Tanga, gari moshi likishapita Tabora.

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku na ya kutonunua kila kinachouzwa madirishani stesheni sitayaandika. Shangazi yako atakuwa amekwisha kukuambia yote, namjua. Mimi nataka kujibu swali lako.

Juzi juzi tulikuwa jikoni, unachambua mchele, ukaniuliza, "Mama, hivi wewe ulimpenda Baba?" Nikakuambia uangalie mawe. Ukasema, "Sijawahi kukuona unamlilia. Shangazi anasema hata kwenye matanga watu wote walilia, wewe ulikuwa unagawa maji." Nikanyamaza, nawe ukanyamaza, tukala. Usidhani nilikasirika. Sikuhisi kitu. Mimi sihisi mambo kwa wakati wake, nimekuwa hivyo miaka mingi, na nimezoea kama mtu anavyozoea sikio moja lisilosikia. Lakini sikuzaliwa hivyo. Nitakueleza ilivyokuwa, wewe utaamua mwenyewe.

Nilizaliwa Ushirombo, kwa watu wa mihogo na misa ya alfajiri. Baba yako, Luhende, alitoka upande wa Songwa, karibu na mgodi wa almasi. Ndugu zake walitaka kazi mgodini, yeye hakutaka kupekuliwa kila jioni anapotoka kazini. Akaja hapa Shinyanga mjini akapata kazi kwa sonara wa Kihindi, Bwana Jivan. Tulipooana, alikuwa amekwisha kujua kuyeyusha fedha, kuivuta ikawa waya, na kushika jiwe kwa vikucha vidogo lisianguke. Mimi nilikuwa nampelekea chakula cha mchana. Siku moja mke wa sonara, tuliyemwita Mama Kanta, alinishika kiganja, akasema, "Mkono yako baridi. Lulu napenda mkono baridi. Kaa."

Nikakaa. Akanipa uzi wa hariri na sindano nyembamba kuliko unywele. Akanifundisha kutunga lulu na kufunga fundo kati ya moja na nyingine, ili uzi ukikatika zisikimbie zote. Mwanzo nilikuwa nakaza mno, uzi unakatika, lulu zinaingia chini ya kabati, natambaa sakafuni na mimba yangu kuziokota. Mimba hiyo ndiyo wewe. Mama Kanta alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Halafu wakaondoka, kama Wahindi wengi wa mjini walivyoondoka miaka ile. Hawakueleza sana na sisi hatukuuliza sana. Bwana Jivan alimwachia baba yako meza hii ninayoandikia, mvukuto wa kupulizia moto, na kopo la tumbaku lenye mawe meupe. Yalikuwa yakuti nyeupe, kutoka Umba, huko huko Tanga unakokwenda. Akampa na kifuko cha lulu. "Mtu wa hapa hataki jiwe hii," alisema. "Kila mtu naota almasi tu. Lakini wewe tajua kufanya." Mama Kanta alivua uzi mdogo wa lulu shingoni kwake, akanivisha. Nililia siku ile, Minza. Nililia barabarani mpaka watu wakasimama. Nakuambia ujue kwamba kulia nilikuwa najua.

Ulipokuwa bado unanyonya alikuja Mama Regina. Alikuwa mjane wa Bukombe, mwenye shamba la pamba na ng'ombe kadhaa, mrefu, sauti ya kuitia watu shambani. Alikuja na rupia za Mjerumani, sarafu za fedha tupu, zilizokuwa zimezikwa kwenye chungu cha mama yake. Akazimwaga mezani.

"Binti yangu Regina anaolewa na mwalimu," alisema. "Niyeyushieni hizi. Sitaki dhahabu. Dhahabu hata walevi wa machimboni wanavaa. Nataka kitu cheupe chote, kuanzia shingoni mpaka masikioni."

Baba yako alifikiri usiku na mchana. Ndipo akakumbuka kopo la tumbaku. Alipoweka yakuti ya kwanza kando ya lulu ya kwanza juu ya kitambaa cheusi, aliniita, "Mama Minza, njoo uone." Nikaona. Lulu haing'ai, mwanga wake unatoka ndani polepole, kama maziwa yanapoanza kuchemka. Yakuti inarusha mwanga kwa fujo. Na fedha, kwa sababu ni nyeupe ya kijivu, haishindani na yoyote kati ya hizo.

Lakini alikuwa amezibananisha. Nikamwambia, "Hapana. Jicho linakimbilia jiwe. Lulu inaonekana kama jino."

"Jino?"

"Jino la mtu. Halafu angalia hapa, yakuti inaikwaruza. Regina akicheza ngoma usiku mmoja tu, lulu zitakuwa na makovu."

Akaishika akaigeuza kwenye jua. Kweli kulikuwa na mkwaruzo. Akacheka, "Basi kuanzia leo wewe ndiye fundi, mimi nachochea moto." Tukaweka punje ya fedha kati ya kila lulu na kila yakuti, punje ndogo kama mbegu ya ulezi. Hapo vikatulia. Kila kimoja kikapata nafasi yake. Kazi yote ya moto tuliimaliza kwanza, tukalehemu, tukasafisha kwa tindikali, tukasugua, mawe yakashikwa, na lulu zikaingia mwisho kabisa. Lulu haivumilii moto wala tindikali, hata jasho la mtu mwenye homa linaiharibu. Hayo unayajua, umeyasikia kwangu tangu utoto. Sasa utajua kwa nini nilikuwa nayasema kama mtu anayesali rozari.

Kidani kilipokwisha, baba yako alikuwa na homa. Mimi nilitaka kwenda Ushirombo kumwonyesha bibi yako mtoto, na Bukombe iko njiani. Nikakifunga kidani na hereni kwenye leso, leso nikaiweka kifuani, wewe nikakubeba mgongoni, nikapanda basi.

Kabla ya Kahama kulikuwa na kizuizi. Tukashushwa wote. Siku hizo walikuwa wanatafuta almasi za wizi, na kila mtu aliyetoka upande wetu alipekuliwa. Askari wa kike aliikuta leso. Akaifungua, mawe yakashika jua, na watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakarudi nyuma, kama mtu amefungua kikapu chenye nyoka.

"Almasi hizi umepata wapi?"

"Si almasi, dada. Ni yakuti nyeupe. Hizi nyingine ni lulu. Ni kidani cha harusi."

"Yakuti ni ya bluu," alisema mwenzake. "Hata mimi najua."

Basi liliondoka. Niliangalia vumbi lake. Tukapelekwa kituoni, wewe na mimi. Mkubwa wao hakunipiga, wala hakunitukana. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya upole, tena na tena: nani wa mgodini aliyeniuzia. Akasema nikitaja jina moja tu nitakwenda nyumbani na mtoto wangu. Jina lolote. Nilikuwa nayajua majina mengi, Minza. Baba zako wadogo wawili walikuwa wanafanya kazi mgodini. Kila aliponiuliza, majina yao yalikuja mpaka kwenye ulimi, yakakaa hapo. Nikawa najibu, "Ni yakuti nyeupe," mpaka maneno yenyewe yakapoteza maana. Hapo ndipo ilipoanza. Nilikuwa nakunyonyesha, naona unanyonya, na sisikii. Kifua kilikuwa kama cha mtu mwingine. Mama mmoja aliyekuwa ndani kwa ajili ya kupika gongo alikuwa ananitikisa bega usiku, ananiambia, "Mama, mtoto analia," nami namshukuru.

Baba yako alifika na homa yake, juu ya lori la pamba. Hakuniangalia. Nadhani aliogopa akiniangalia atashindwa. Alisimama mbele ya yule mkubwa, akavua kofia.

"Shikamoo, afande. Vitu hivyo ni vyangu. Mikono hii ndiyo iliyovitengeneza. Mwachieni mama mwenye mtoto."

"Kwa hiyo unakiri ni almasi?"

"Ni yakuti. Lakini ni zangu."

Wakanitoa mimi, wakamwingiza yeye. Tulipishana mlangoni. Alinukia homa na pamba.

Alikaa ndani kiangazi chote, mpaka mvua zikaanza na watu wakapanda. Mawe yalipelekwa mbali kupimwa, na hakuna aliyejua yatarudi lini. Nilikuwa nampelekea michembe ya viazi na maharage. Tulikuwa tunasimama na waya kati yetu. Anauliza, "Mtoto?" Nasema, "Mzima." Anauliza, "Wewe?" Nasema, "Mzima." Ndiyo mazungumzo yetu yote. Nilidhani namlinda.

Siku moja walituita wote wawili ofisini. Mkubwa alikuwa mwingine, kijana. Alisema yaliyopimwa si almasi, tuchukue vitu vyetu tushukuru Mungu. Akatupa bahasha. Baba yako akaifungua juu ya meza ile ile. Yakuti zote zilikuwepo, zinang'aa, hazina hata alama. Lulu hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na vitu vyeupe vya unga unga, kama chokaa iliyoloa. Nyingine ilibaki shimo tu na kijiti cha fedha kilichokuwa kimeishika.

Baba yako alizigusa kwa kidole. "Wamekichemsha chote kwenye tindikali," alisema. Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua imeacha. Yule kijana akauliza kama kuna tatizo. Baba yako akasema, "Hapana, afande. Wabeja, asante." Akaikunja bahasha. Tukapanda basi mpaka nyumbani bila neno.

Wateja hawakurudi. Si kwamba walituchukia. Walikuwa wanasalimia vizuri tu, "Habari za hapa, Baba Minza," wanapita. Nani atamwachia hereni zake mtu aliyewekwa ndani kwa mawe? Baba yako alikaa hapa mezani kutwa, ameshika tupa, hakwangui hata chembe. Mimi nilipika, nikafua, nikakunyonyesha. Sikumuuliza chochote. Niliona kwamba mtu aliyeulizwa maswali muda wote ule anastahili kukaa bila kuulizwa. Nilikosea hesabu yangu. Yeye, nilikuja kugundua, alidhani nanyamaza kwa sababu namlaumu. Aliniambia mwenyewe, asubuhi aliyoaga kwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu.

"Mama Minza, ulijua kazi ya yakuti itatuletea matatizo. Ungeniambia."

"Sikujua. Nani kakwambia nilijua?"

"Hukusema kitu."

"Sikuwa na cha kusema."

Akasimama kidogo, ameshika sururu. Akasema, "Mimi nilikuwa nasubiri." Halafu akakubusu wewe utosini, akaondoka.

Kutoka Mwakitolyo alihamia machimbo ya Geita. Alikuwa anarudi mara chache na matope kwenye kucha. Wewe ulikuwa unamkimbilia, anakurusha juu, anakuita ng'wanone, mwanangu, mnacheka. Tulikuwa tumeanza kuzungumza tena, mimi na yeye. Mambo madogo. Paa linavuja. Ukwaju mwaka huu ni mchache. Mara ya mwisho alipokuja alilikalia benchi hili, akafungua kopo la tumbaku, akaniuliza kama nadhani yakuti zingekaa vizuri kwenye pete. Nikasema zingekaa. Akasema akirudi tutajaribu.

Shimo liliporomoka, naye akiwa ndani. Mchimbaji mwenzake, kijana anayeitwa Shija, alikuja kuniambia, amebeba koti la baba yako. Nilikuwa nasonga ugali. Shija alisema alichokuja kusema. Mimi nikaendelea kusonga mpaka ugali ukaiva, nikaupakua, nikamnawisha Shija mikono, nikampa chakula. Alikula huku machozi yanadondokea kwenye mboga. Mimi nikaosha sufuria. Watu walipoanza kufika walinikuta napanga vikombe, na tangu hapo imesemwa kwamba Mama Minza ana moyo wa jiwe.

Sasa jibu lako. Nilimpenda. Nilimpenda sana, na bado. Kilio nilikitafuta, mwanangu, nilikwenda mpaka nyuma ya nyumba nikakitafuta, sikukipata. Kilichokufa ganzi kule kituoni hakijarudi chote. Usidhani kwamba asiyelia hana cha kulilia. Na wewe ukiishi na mtu, akarudi siku moja amenyamaza, muulize. Uliza hata swali la kijinga. Muulize kama anataka chumvi. Lile swali lako la jikoni lilikuwa la maana kuliko miaka yangu yote ya kunyamaza, ndiyo maana leo naandika.

Utakumbuka yaliyofuata, ingawa ulikuwa mdogo, hujaanza hata shule. Mama Regina alikuja. Tulikuwa hatujaonana tangu alipotumwagia rupia. Niliogopa kumwangalia. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa hapo kwenye kigoda.

"Nimekuja kuchukua kidani changu."

"Mama, kidani kiliharibika. Na harusi imepita zamani."

"Harusi imepita," alisema, "Regina yupo."

Nikamwonyesha bahasha. Aliangalia zile tundu zisizo na lulu, akaangalia yakuti, kisha akaniangalia mimi. Akanipa pole ya mume wangu. Halafu akasema anaweza kusubiri.

Sikuwa nimewahi kushika moto peke yangu. Wewe ndiye uliyevuta mvukuto, unakumbuka? Niliunguza vidole, nikayeyusha punje tatu zikawa tope, nikaanza upya. Lulu za kununua hazikuwepo mji mzima. Nikavua uzi wa Mama Kanta nikaukata. Zilikuwa ndogo kidogo kuliko zile za kwanza, ikabidi nibane vile viti vya fedha vinavyozishika, vyote. Yakuti niliziosha tu kwa maji na sabuni ya kipande. Nilipoiweka lulu ya mwisho nilitazama kidani kile kwa muda mrefu. Kilikuwa kizuri. Niliona kwa macho kwamba ni kizuri. Kifuani hakukuwa na kitu, lakini mikono ilikataa kukiweka chini, nikaiacha ikishike.

Mama Regina hakukifunga kwenye leso. Alikivaa hapo hapo, juu ya gauni lake la safari, na hereni masikioni. Nikamwambia, "Mama, watakukamata."

"Wanikamate. Twende unisindikize."

Tukapita sokoni. Tukapita mbele ya kituo cha polisi, polepole, yeye ameinua kidevu, jua la saa sita linazipiga yakuti mpaka zinaumiza macho, na lulu kati yake zimetulia. Askari aliyekuwa mlangoni alimwangalia shingo. Mama Regina akamsalimia kwa sauti ya shambani, "Habari za kazi, mwanangu! Ni yakuti na lulu, kafanya huyu!" Akaninyooshea mimi kidole. Askari akasema, "Nzuri, mama." Tukaendelea mpaka kituo cha mabasi.

Wiki ile ile walikuja wanawake wawili na hereni zilizokatika. Kisha wengine. Hivyo ndivyo tulivyokula, ndivyo ulivyosoma, na ndivyo ulivyojua kazi hii mpaka fundi wa Tanga akakubali kukupokea bila kukuona.

Huko utakuta yakuti nyeupe nyingi, na watu watakuambia jiwe lisilo na rangi halina thamani. Fundi wako akikuambia ubananishe jiwe na lulu, mwambie mara moja unavyoona, kisha fanya anavyotaka, ni nyumba yake. Lakini kwenye kazi yako mwenyewe acha nafasi. Na ukikamatwa kwa jambo usilolifanya, Mungu apishe mbali, ukitoka usirudi nyumbani kimya kimya kama sisi. Piga kelele. Lia barabarani. Nina wasiwasi nimekufundisha kunyamaza bila kukusudia, na hili sijui nitalitengeneza vipi nikiwa huku na wewe uko kule.

Nasikia watoto wa jirani wanarudi shule. Basi lako halitachelewa kufika.

Kesho stesheni watakuwepo watu. Shangazi yako atalia, majirani watalia, na wewe utalia. Mimi nitakuwa nimesimama tu, pengine nitakuwa nakuuliza kama umechukua kitambulisho. Watu wataniangalia kama wanavyoniangalia siku zote. Wewe usiniangalie usoni, hutakuta kitu. Toa mkono dirishani. Nitaushika, na gari likianza kwenda nitatembea nalo, likikaza mwendo nitakimbia, na sitauachia mimi. Gari ndilo litakaloutoa.

Mama yako,
Veronika